Roseline Avuka Ngazi ya Kodi

Al-Naseem, Riyadh
9 Mei 2025

Kaka Nahashon,

Hujambo wewe, na joto la hapo bandarini mnalivumilia vipi? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kafili, mwajiri wangu, ametia sahihi ya kuniachia; mwezi ujao narudi nyumbani, halas, kazi ya huku imekwisha.

Ile hoteli ya Nakuru inanitaka niwe mpishi mkuu kwa shilingi elfu thelathini na nne kwa mwezi, au msaidizi kwa thelathini na mbili. Nachukua usaidizi. Wenzangu wa mtaa wa Malaz wamenifungua macho: ukipita thelathini na mbili na kitu, serikali inakata kodi ya asilimia thelathini ya mshahara wote badala ya ishirini na tano. Ukuu wa nini, nibaki na kidogo kuliko msaidizi wangu?

Harusi pia nimeisogeza. Eti nikiolewa na Laban, mshahara wake wa gereji utawekwa juu ya wangu, tupandishwe ngazi. Roho inaniuma, kaka.

Dada yako,
Roseline

Jeddah
10 Mei

Dada Rose,

Salamu nyingi. Afya ninayo, ila barua yako ya kwenye simu imenipandisha presha. Kukaa huku bila kukatwa kodi kumetusahaulisha! Usiwajibu hao wa hoteli kwanza.

Kodi ya kwetu ni kama mabeseni siku maji yanapokuja. La kwanza likijaa, yanamwagikia la pili, kisha la tatu. La tatu haligusi maji ya la kwanza. Hiyo thelathini itakata tu kile kilichozidi mstari, elfu moja na mia sita hivi. Cha chini kinakatwa vilevile: asilimia kumi, halafu ishirini na tano.

Na Laban ana PIN yake ya kodi, nawe yako. Kila mtu anajaza fomu yake. Hao wa Malaz wamechanganya na Amerika, kwa kina binamu Stacy, ambako mtu na mkewe wanaweza kujaza pamoja. Na hata huko, wakijaza pamoja mabeseni yao hupanuliwa!

Kaka yako,
Nahashon

Jeddah
17 Mei

Dada, u hali gani? Wiki nzima kimya. Usiniambie ulishawajibu. Mama alikufundisha kupika, hakukufundisha kurudi nyuma.

Kaka yako

Riyadh
23 Mei

Kaka wee, pole. Tulikuwa na wageni, madam wangu wa hapa akashika simu yangu mpaka leo. Na kweli, nilikuwa nimeshakataa ukuu siku ileile niliyokuandikia. Leo nilivyosoma maneno yako nililia, madam akauliza nani amekufa.

Nikasema liwalo na liwe, nikampigia meneja wa hoteli, Magdaline, nikasema sasa nautaka ukuu. Akaniuliza, "Kwani umebadilisha mawazo, ama ni mshahara?"

"Ni mshahara," nikamwambia. "Arobaini na tano."

Akacheka. Akakubali.

Harusi ni Agosti, kwa hiyo yalla, haraka, tafuta suti. Na hiyo asilimia thelathini waikate tu. Anayekatwa ni mpishi mkuu.

Dada yako,
Roseline