Kitambaa Cheusi cha Doreen

Beryl shoga, sokoni kwetu hakuna wa kunidanganya mimi. Ukiacha ile sabuni niliyouziwa Jumamosi iliyopita nikaila na mkate, nikidhani jibini.

Usicheke. Nimetoka huko sasa hivi.

Doreen wa asali yuko mezani peke yake. Kiti cha mumewe kitupu, lakini kikombe chake kimejaa chai, inafuka moshi.

Nikamuuliza, "Wilf wako leo yuko wapi?"

"Mgongo, mama. Kalala. Anakusalimu."

Anakusalimu, kasema hivyo.

Kumbe ule mzinga wa nyuki wa kioo anaowaletea watoto wautazame kaufunga kitambaa cheusi. Cheusi, Beryl. Babu yako mfuga nyuki alipokufa, nani alitumwa kuwaambia nyuki msiba na kuufunga mzinga wao kitambaa kama hicho? Si wewe?

Akainama, akaunong'oneza mzinga kama anayebembeleza mtoto. Nikasikia jina la Wilf. Nikasikia tena.

"Doreen mwanangu, hicho kitambaa cha nini?"

Hakuniangalia. "Cha kuwakinga jua, mama."

Shoga, mvua ilikuwa inatunyeshea sote wawili.