Mzee Matonya Hafiki Mezani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Upepo! Madirisha yote yamefungwa na bado vumbi limeingia hadi kwenye daftari hili. Baridi ya mwezi huu haina huruma na watu wa Ipagala.

Damas kaja asubuhi kabla sijanywa chai. Katibu wetu wa parishi ana kipaji hicho – akiona moshi wa jiko langu tu, anapata wazo. La leo: Jumapili ya tarehe 27, baada ya Siku ya Mashujaa, tufanye ibada ya kuwaenzi wapiganaji. Wageni, kwaya mbili, picha. Na katikati ya yote – baba mkwe wangu! Mzee Matonya, askari wa vita vya Kagera, asimame mbele, avishwe kitenge, apewe fimbo, akina mama wapige vigelegele. Nikasema sawa. Nilifurahi kweli. Mzee anaishi uani kwetu mwaka wa pili sasa, tangu mama mkwe atutoke, na sijamfanyia jambo lolote la maana zaidi ya uji.

Halafu nikafungua kalenda ya masomo. Somo la Jumapili hiyo: wapendeni adui zenu. Bwana, una utani wewe.

Jumatano, 16 Julai

Mahubiri. Kurasa tatu, zote mbaya.

Upande huu: geuza shavu la pili, rudisha upanga mahali pake. Upande ule: Kagera ilivamiwa. Watu waliuawa mashambani mwao, ng'ombe wakaswagwa, madaraja yakavunjwa. Tungefanya nini – tuwapelekee kwaya? Mimi nilizaliwa vita vimeshakwisha, nikakua najivunia. Bado najivunia, sifichi. Lakini kila nikiunganisha upande huu na ule, mshono unaonekana.

Saa tisa alipita Evodia. Mume wake yuko Kongo na kikosi cha kulinda amani. Kila Jumatano tunamwombea. Leo aliomba yeye. Bwana, wasimwone. Na wakimwona, yeye awawahi. Nikasema amina, tena kwa sauti. Alipokwisha kwenda ndipo nikajiuliza – awawahi nini? Kuwasalimia?

Nikampelekea Mzee habari ya sherehe kupitia wifi Ruthu. Mimi mwenyewe siwezi kwenda tu kukaa mbele yake. Ni mkwe. Kwa wazee wa Kigogo kama yeye, mke wa mwana na baba mkwe hawakai jamvi moja wala hawashikani mikono. Hata kanisani, wakati wa kupeana amani, ananipungia kwa mbali kama mtu anayesimamisha basi. Siku za kazi ananiita Mama Erica, Jumapili ananiita Mchungaji. Tunaelewana vizuri sana kwa namna hiyo.

Ruthu karudi na jibu: hapana. Hapana tu? Hapana, na mlenda umepoa.

Alhamisi, 17 Julai

Miguu ya Mzee imevimba tena. Daktari alishasema, moyo umechoka.

Abeli anasema baba yake ni mnyenyekevu, ndiyo maana anakataa. Nitangaze tu kanisani. Akisikia watu wamefurahi atalainika. Mume wangu ni mtu wa masjala, anaamini kila jambo likishaandikwa limekwisha.

Jumapili, 20 Julai

Nimetangaza. Kabla ya sadaka. Vigelegele!

Mzee alikuwa benchi ya mwisho karibu na mlango, mahali pake. Hakuinua kichwa. Na tulipoanza kuandaa Meza ya Bwana, akatoka. Anatoka kila mara. Tangu nihamishiwe parishi hii ninamwona akitoka, najiambia ni kikohozi. Leo nilimfuata kwa macho kupitia dirishani. Hakukohoa hata mara moja. Alisimama juani, kofia mkononi, mpaka watu wote walipokwisha kushiriki, ndipo akarudi kupokea baraka.

Nikamuuliza Damas. Damas ana majibu ya kila kitu. Akasema ni habari ya mke wa pili, ametengwa na Meza zamani. Nikamuuliza Abeli. Akacheka mpaka akashika ukuta – baba hakuwahi kuwa na mke wa pili, wala nusu!

Basi ni nini? Niko naye ua mmoja, mimi ndiye mchungaji wake, na sijawahi kuuliza. Nimeuliza habari za miguu yake, za mlenda wake. Najiona mjinga, na nina uchungu.

Jumatatu, 21 Julai

Niandike yote, nisije nikaanza kuyapunguza.

Saa nne Ruthu kaja jikoni. Baba anakuita. Nikafuta mikono. Hapana wifi, anasema nimwitie Mchungaji, siyo Mama Erica. Nikarudi chumbani kuvaa kola. Kifungo kilinishinda mara mbili.

Nikakaa kwenye kigoda nje ya mlango wake. Yeye kitandani ndani. Pazia katikati. Ruthu akaenda zake sokoni, nadhani alitumwa makusudi. Mzee akaanza kama mtu anayejibu swali.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wameshavuka mto, wameingia Uganda, mvua kila siku, hawajala siku mbili. Alitumwa kukagua nyumba moja pembeni ya migomba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jiko la nyasi. Ndani, askari wa upande wa pili, peke yake, amechuchumaa anapika ndizi na maharage. Bunduki yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, mbali. Yule mtu akageuka, akamwona. Hakuifuata bunduki. Aliinua mwiko akaonyesha sufuria.

"Mpaka leo sijui," Mzee akasema. "Alikuwa ananikaribisha, au alikuwa anaomba amalize kula kwanza."

Akampiga risasi.

Nikangoja. Nilidhani yamekwisha.

"Halafu nikakaa nikala," akasema. "Njaa, Mchungaji. Nikakaa pale pale. Na kabla sijala, nikafumba macho nikakiombea chakula. Kama mama alivyonifundisha. Nikamshukuru Mungu kwa kile chakula."

Nimekuwa mchungaji miaka kumi na mmoja. Nimesikia mengi. Hili sijawahi.

Akaendelea. Waliporudi walipokelewa na khanga na ngoma. Jumapili ya kwanza akamwendea mchungaji wao wa kule kijijini, akamsimulia kama alivyonisimulia mimi, akaomba aungame. Mchungaji akamshika mabega. Akamwambia hiyo siyo dhambi mwanangu, vile vilikuwa vita vya haki, wewe ni shujaa, nenda kwa amani.

"Nikaondoka nayo," Mzee akasema. "Ukiambiwa huumwi, utapewa dawa gani?"

Miaka arobaini na sita! Kila mkate ukivunjwa anaona ile sufuria. Kwa hiyo anatoka.

Na mimi? Sentensi ile ile ilikuwa mdomoni mwangu. Iko kwenye ukurasa wa pili wa mahubiri yangu, nimeipigia mstari. Nikaanza, lakini Baba, nchi ilivamiwa – akanikata. Najua ilivamiwa, mimi ndiye niliyekuwepo. Ningeitwa leo na miguu hii ningekwenda. Sikuulizi habari za nchi. Nakuuliza habari za yule mtu.

Anachotaka: aungame. Aambiwe ni dhambi, kisha aambiwe imesamehewa, ashiriki Meza kabla hajafa. Ningeweza kumtamkia ondoleo la dhambi pale pale kwenye kigoda, mamlaka ninayo. Lakini hataki pazia. Walimpigia makofi mbele ya watu, anasema, na jana umewafanya wapige tena. Basi na hili liwe mbele ya watu. Jumapili hiyo hiyo. Hatavikwa kitu.

Nikamwomba anipe siku chache. Akasema sawa, kwa upole kabisa, kama mtu aliyekwisha kuzoea kungoja. Nimeona haya. Nimeona haya sana.

Jumanne, 22 Julai

Nimemwambia Abeli kwamba baba yake anataka kuungama mambo ya vita, kanisani, Jumapili. Ya sufuria sikusema. Siyo yangu kuyasema.

Hajawahi kunikaripia namna ile. Nataka baba yake aitwe muuaji mbele ya wageni? Mbele ya wajukuu? Yeye shuleni alikuwa mtoto wa Matonya wa Kagera, hicho ndicho kitu pekee walichokuwa nacho nyumbani, hapakuwa na ng'ombe wala bati. Nikamwambia Abeli, siyo mimi ninayetaka. Akasema wewe ndiye mwenye mimbari, ukisema hapana ni hapana.

Kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Katoka bila kula.

Alhamisi, 24 Julai

Damas tena. Nilijiandaa kugombana naye, nikashindwa. Nilimgusia tu – je, kama mahubiri yangesema kwamba hata vita vya haki vina dhambi ndani yake? Akasema wake wa askari watakuwepo. Evodia amepewa benchi ya mbele. Ukimwambia Evodia kwamba huko aliko mume wake anatenda dhambi, usiku huo atalala vipi, Mchungaji?

Ila Mzee naye aliambiwa siyo dhambi ili alale, na hakulala.

Je, naweza kusema yote mawili? Kwamba tuliwatuma, ilibidi, na kwamba damu ni damu na mwenye kuimwaga anahitaji kuoshwa, na sisi tuliomtuma pia? Nimeandika. Nimefuta. Nikisoma kwa sauti nasikia kama nawatetea wote na sisimami na yeyote.

Ijumaa, 25 Julai

Siku ya Mashujaa. Runinga, tarumbeta, mashada. Mzee aliomba mlango wake uachwe wazi asikie.

Mchana Abeli akaingia kumnyoa ndevu. Kumnyoa mzee ni kazi ya robo saa. Walikaa saa nzima na nusu, mlango umefungwa. Alipotoka maji ya beseni yalikuwa yamepoa na povu limekauka kwenye wembe. Macho mekundu. Nikamuuliza, baba hajambo? Akasema hajambo. Akaomba chakula. Nilipakua, akakitazama mpaka kikapoa.

Hatujasemeshana zaidi. Lakini jioni aliosha vyombo, yeye, Abeli!

Jumamosi, 26 Julai

Mzee anahema kwa shida. Ruthu anasema apelekwe hospitali leo. Mzee anasema Jumatatu.

Mahubiri ninayo mawili sasa. La zamani, limechapwa. Jipya, nusu ukurasa, kwa mkono. Mungu unihurumie, ninaogopa watu kuliko ninavyokuogopa wewe.

Jumapili, 27 Julai

Naandikia katika chumba cha mavazi kanisani. Ibada ya kwanza imekwisha, ya pili ni saa nne. Ndiyo yenye wageni.

Ya kwanza nilihubiri lile la zamani. Basi, nimesema. Nilipanda mimbarini na mahubiri yote mawili, mkono ukachukua lililochapwa. Vita vya haki. Shujaa. Neno kwa neno kama yule mchungaji wa kijijini. Watu walinipongeza mlangoni, mzee mmoja kanishika mikono yote miwili akasema umetuponya.

Nilijiambia Mzee hakuwepo, hakusikia, bado nafasi iko ya pili. Kumbe spika ya nje ilikuwa wazi! Alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kivuli cha ukuta na Ruthu. Amesikia yote. Ruthu kaniambia. Nikauliza, akasemaje? Ameomba tu ainuliwe aingie ndani, wifi.

Saa nne kasoro dakika kumi. Nimechungulia mlangoni. Damas alimtengea kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe. Hakukaa. Ameipita safu ya wageni, amemwachia Ruthu fimbo yake, na amepiga magoti mbele ya Meza, ambayo bado haina kitu, haijatandikwa hata kitambaa. Peke yake. Mgongo unapanda na kushuka kwa ile pumzi yake. Watu wanadhani ameanguka. Wahudumu wawili walikwenda kumwinua.

Abeli ndiye aliyewazuia. Aliinuka kutoka benchi ya familia, na suti yake ya sherehe, akawaambia kitu, wakarudi nyuma. Kisha akapiga magoti pembeni ya baba yake, bega kwa bega, akamshika kwapani asianguke. Wako pale mpaka sasa.

Damas ameingia, jasho linamtoka na baridi hii yote. Nimemwambia anipe dakika moja. Lile la kuchapwa nimelichana. Damas anasema wageni wanaulizana, na Evodia ameanza kulia bila kujua kwa nini. Anasema, tumwinue? Nimesema mwacheni, anaungama.

Damas amenitazama. Siyo kwa ubishi, kwa kutaka kujua kabisa. Anaungama nini, Mchungaji? Yule si shujaa wetu?

Bado amesimama hapa, ameshika kitenge kilichokunjwa, anangoja nimjibu. Kwaya imeanza ubeti wa pili.