Mkwe Aliyebaki Barabarani

Mama,

Nimekaa kwenye cherehani tangu asubuhi na sijamaliza hata sare moja. Nashona mkono wa shati, nafumua, nashona tena. Uzi unakatika. Kila pikipiki ikisimama nje nainuka kuchungulia, mpaka jirani yangu wa kibanda, yule muuza vitenge wa Ariwara, kule Congo, uliyekuwa unapiga naye soga, amenigombeza: "Dada, kaa chini! Unachokesha mimi." Basi nimekaa. Nimechukua karatasi ya kukatia vipimo, hii ya kaki, nikaona nikuandikie wewe. Kesho ni mahakamani na sina mwingine wa kumwambia ninavyoogopa.

Naogopa, Mama. Nianze hapo hapo. Kesho hakimu wa Arua anaamua kama ile amri ya kumkataza mume wangu Moris kunikaribia itakuwa ya kudumu au itafutwa. Ile tuliyopewa mimi na wewe ilikuwa ya muda tu. Ikifutwa anaweza kuja hapa dukani, anaweza kuja kwenye chumba changu, na watu wote watamwambia karibu, maana kila mtu anajua Moris ni mkwe mwenye heshima. Na shahidi wangu ulikuwa wewe.

Kwa kweli hata mimi niliamini heshima yake. Unakumbuka alivyokuwa na wewe? Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, lakini Moris alizidisha. Ukija nyumbani kwetu Pajulu kutusalimia, anatoka nje kupitia mlango wa nyuma, anakusalimia akiwa amegeukia ukuta, anakuletea soda kwa mkono wa mtu mwingine. Ulikuwa unanitania, unasema hujui hata ana pua ya namna gani. Shangazi zangu wakawa wananionea wivu. Mimi najua alichokuwa anafanya mlango ukifungwa, na sikumwambia mtu.

Siku ile hakujua kama umekuja. Ulikuwa nyuma ya nyumba unanisaidia kuosha mihogo. Aliingia akinidai simu yangu, nikamwambia ngoja nimalize kupiga pasi sare za watu, akaichukua pasi ile ile, na makaa yakiwa ndani, akanibandika nayo mkononi. Nilipiga kelele na wewe ukaingia mbio. Halafu ndipo Moris alipofanya kitu ambacho bado nakiona nikifumba macho. Aligeukia ukutani. Akafunika kichwa kwa mikono na kukuomba radhi wewe, Mama, kwa sababu umemkuta bila shati. "Mama, samehe mimi, umeona mimi vibaya." Mimi nilikuwa sakafuni nanuka nyama ya kuchomwa, naye anaona haya kwa kifua chake.

Ulinishika mkono ule mzima tukatoka, wewe na mihogo mkono wa pili, tukapanda boda moja mpaka polisi. Pale kwenye dawati la mambo ya familia askari aliniuliza jina langu, ukamtajia. Akaniuliza umri, ukamtajia. Akaniuliza nani amenifanyia hivi, ukaanza kuhadithia tangu siku ya mahari. Akacheka, akasema, "Mama, huyu hana mdomo?" Ukamwambia, "Iko nayo, lakini iliharibika kwa ile nyumba." Nililia na kucheka pamoja. Tangu utoto wangu umenisemea, hata zahanati nikiulizwa naumwa wapi wewe ndiye unayejua.

Hata mbele ya hakimu. Alipokuambia ukae, ukakaa, lakini midomo yako iliendelea kutembea, na mimi nilikuwa nayasoma maneno kutoka kwenye midomo yako na kuyasema. Ndivyo tulivyoipata ile amri ya muda. Sitasahau ulichoniambia pale nje tukinunua chapati: "Mutu akipiga wewe, haya ni ya yake. Wewe unabebea yeye haya ya nini?" Nilikwambia sawa, Mama. Niliendelea kuibeba aibu hiyo, kwa sababu haya haitoki kwa kuambiwa.

Halafu presha ikakuchukua. Unajua bado nimekukasirikia kidogo? Kidogo tu. Ungengoja kesho ipite.

Sasa nikwambie habari za mazishi yako, maana ndiyo yaliyonifanya nisitulie. Tulikuzika Koboko, kando ya baba, kama ulivyotaka. Watu walikuwa wengi, wateja wako wa samaki walitoka hata kule Inde. Lakini kabla ya kukushusha ilibidi wakwe wafike. Unaijua desturi yetu kuliko mimi: wakwe wakija msibani hawaingii tu. Wanashukia barabarani, wanasimama pale wanalia na kuimba, mpaka binti wa nyumba aliyeolewa kwao awaendee, awashike mikono, awaingize. Binti asipotoka, hawaingii. Na mkwe asipoingia kutupa udongo, watu wanasema mama mkwe amezikwa nusu.

Binti wa nyumba ni mimi. Mkwe ni Moris.

Mimi nilitumaini hatakuja, karatasi ya mahakama inamkataza. Kumbe Baba mdogo Lemi alikuwa amempigia simu mwenyewe. Amemwambia njoo na watu wako, tuzike shemeji yetu kwa heshima, hayo mengine tutakaa chini baadaye tuyamalize kwa faini ya mbuzi. Nilipomuuliza kuhusu amri alinitazama kama mtoto. "Ile karatasi iko ya Arua," akaniambia. "Hapa iko Koboko." Na si yeye tu, Mama. Wazee wote walitikisa vichwa kumkubali. Walikuwa wanaamini kweli kabisa kwamba karatasi ya hakimu inaishia mpakani mwa wilaya, kama kibali cha kusafirisha ng'ombe.

Mimi nilikuwa nimeshauliza. Siku uliyofariki, kabla sijapanda gari, nilipita kwa yule dada mwanasheria anayesaidia watu bila malipo, nikammwagia maswali yote. Je, shahidi akifa kesi inakufa? Je, nikikutana naye msibani, aliyevunja amri ni nani? Je, Koboko inahesabika? Alinijibu polepole, akirudia pale nilipokuwa nalia. Amri inamfuata Moris popote alipo, Koboko au Kampala. Inamfunga yeye, mimi hainifungi. "Lakini," akasema, "ukimshika mkono ukamwingiza kwenu mbele ya watu wote, siku ya kusikilizwa atasema wewe ndiye uliyemwita, na hakimu atataka kujua kama kweli unamwogopa." Kwa hiyo nilijua. Ile safari ya kutoka uani mpaka barabarani, Mama, nilikuwa naijua bei yake.

Wakafika kwa lori. Nikawasikia wakiimba kabla sijawaona. Shangazi wote wakanisukuma mgongoni: "Nenda, pokea watu yako. Mama yako anangoja." Ulipotajwa wewe, miguu ikaenda yenyewe.

Alikuwa mbele ya wote. Shati jeupe, kichwa chini, mikono nyuma. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, tazama heshima hiyo. Kovu langu likaanza kuwasha ndani ya mkono wa gauni. Nilifikiri, akinyoosha mkono nitaushika. Nitaushika kwa sababu umelala ndani unangoja, na watu wote hawa wanatazama, na ni rahisi zaidi. Nikatafuta midomo yako, Mama. Kwa mazoea tu. Nikakutafuta kati ya wale watu ili uniambie la kusema.

Hukuwepo. Nikampita. Nikamshika mikono mama yake, yule mama mkwe wangu aliyekuwa akilia kweli, na nikasikia sauti inasema, "Mama, ingia. Nyinyi wote ingieni, karibuni kwetu. Moris atabaki hapa." Sauti ilikuwa yangu. Ilikuwa nyembamba kama uzi, lakini nyimbo zilikuwa zimekatika na kila mtu alisikia.

Baba mdogo akaja mbio, amekasirika mpaka kofia imeanguka. Akarudia ile yake, karatasi iko ya Arua, hapa iko Koboko, usitie sisi haya. Na mimi, ambaye sijawahi kumjibu mkubwa maishani mwangu, nikamuuliza: "Na mikono yake, Baba mdogo, aliacha Arua?"

Kuna mtu alicheka. Msibani kwako, Mama, mtu alicheka, kisha akajiziba mdomo. Mimi sikucheka. Nikapandisha mkono wa gauni, kovu likaonekana. Mama mkwe alilitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa hajawahi kuliona, alikuwa amehadithiwa tu na mwanawe. Akafuta uso kwa kanga, akageuka na kusema, bila hata kupaza sauti, "Moris, baki kwa gari." Kisha akaniegemea na tukaingia, yeye na mimi, na watu wake nyuma yetu.

Moris alibaki barabarani. Alisimama kando ya lori mpaka tumemaliza. Kaburini mama mkwe alitupa udongo mara mbili, mara moja wake na mara moja wa mwanawe, akakuambia usimsumbue. Mimi nilitupa wangu.

Tangu siku hiyo sina usingizi wa maana. Si kwa sababu ya Moris, amini usiamini. Ni wewe. Baba mdogo hazungumzi nami, anapitisha maneno kwa shangazi: eti nimekuzika nusu, eti utakuwa huna amani huko uliko. Najua ni maneno ya hasira. Lakini nikiwa nashona yananijia. Najiuliza kama ungekuwa barabarani wewe ungefanya nini, halafu najijibu, halafu najiuliza tena. Nimewauliza watu wengi maswali ya sheria siku hizi. Hili moja halina wa kumuuliza. Umelala vizuri, Mama?

Baba mdogo anasema pia kwamba kesi imezikwa nawe. Hapo amekosea, ingawa si sana. Kesi ya kunichoma ni ya serikali, mwendesha mashtaka ndiye anayeishika, hata mimi nikisema nimesamehe haiishi kwa neno langu tu. Na Moris bado yuko nje kwa dhamana. Lakini yale uliyoandikisha polisi, yule dada mwanasheria amenieleza kwa huruma, huenda mahakama isiyapokee. Wewe huwezi kuulizwa tena, na maneno yasiyoweza kuulizwa hayasimami vizuri. Kwa hiyo kesho, kwa ile amri, na siku nyingine kwa ile kesi, lazima niseme mimi. Yote. Tangu mlango wa kwanza uliofungwa. Moris atakuwa amekaa pale na shati lake jeupe, kichwa chini, na nimesikia Baba mdogo atakuja kukaa upande wake, kusema mambo yameshazungumzwa nyumbani.

Nimefanya mazoezi hapa kwenye cherehani. Nikikanyaga pedali nasema kidogo kidogo, kelele inafunika. Jirani anadhani nasali. Nikifika pale pa pasi nakwama. Najikuta naangalia mlangoni, kama vile utaingia na mihogo yako umalizie.

Binti yangu Sabina mdogo, wajina wako, amekaa chini ya meza anachezea vibobini vyangu vya uzi. Jana mwalimu wa chekechea alimuuliza jina lake, nikafungua mdomo kumjibia. Nikaufunga. Alichelewa, alitazama viatu vyake, akanitazama mimi, karibu nishindwe. Kisha akasema. Alisema vibaya, alimeza herufi mbili, lakini mwalimu alimwelewa.

Naikunja karatasi hii, nitaikatia kola baadaye, usinicheke. Mvua inakuja kutoka upande wa Congo na nina sare za watu za kumaliza. Safari yako iwe njema, Mama yangu. Asante kwa maneno yote uliyoyabeba badala yangu, yalikuwa mazito na hukuwahi kulalamika. Nakuahidi kesho nitavaa gauni la mikono mifupi. Nakuahidi sitaangalia mlangoni, wala sitatafuta midomo ya mtu. Wakiita jina langu nitasimama.

Wewe lala. Kesho nasema mwenyewe.

Binti yako,
Letasi