Mguu Wako Niliouficha

Mama,

Kamwene, nakusalimu. Najua hukupenda barua. Ulikuwa unasema mwenye jambo aje alicheze. Leo nimekuja na barua kwa sababu uso wa kuja nao sina.

Jumamosi iliyopita tuliweka msalaba kwenye kaburi lako kule Lupembe. Watu walijaa. Kwaya ya usharika iliimba, mchungaji akaomba, wali ukatosha, hata majirani wa hapa Lyamkena waliopanda lile gari la Noah linalokohoa walifika salama. Mpaka hapo usingenigombeza.

Kisha wanafunzi wako wa ngoma wakaingia kati kucheza maisha yako. Kikundi nimekirithi mimi, na tangu uondoke nimejitahidi, Mama, nakuapia. Bado nawapeleka sokoni Makambako wamwangalie mtu mmoja, mpakia viazi au mama anayezozana na mteja, halafu warudi wamcheze bila kufungua mdomo. Sheria ni ileile yako: kama waliokaa hawajamtambua huyo mtu, hadithi haijasimuliwa. "Mdomo ufunge, mgongo useme!" Ulikuwa unawafokea hivyo, nami nawafokea hivyohivyo.

Aliyekucheza wewe ni Neema, yule binti wa fundi cherehani, uliyekuwa unamwita Kiberiti kwa jinsi anavyowaka. Kwenye mazoezi aliingia anachechemea, bega moja limeshuka, mkono kiunoni, na Baraka mpiga ngoma wetu akabadilisha mdundo umfuate. Wenzake wakapiga makofi, wengine wakacheka kwa furaha. Mimi nikapandwa na hasira. Nikasimamisha ngoma, nikamwambia, "Mama yangu si kichekesho. Tembea vizuri!" Akataka kusema kitu, nikamkatisha. Wiki nzima nilimnyoosha yule mtoto mpaka akawa anatembea kama bibi harusi.

Siku yenyewe wakacheza vizuri mno. Neema akachuma chai, akabeba mtoto mgongoni, akafundisha ngoma, yote kwa mwendo ulionyooka. Mama Tumaini, shoga yako mliyechuma naye majani tangu usichanani, alikuwa amekaa mbele kabisa. Akanigeukia, na kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona, akauliza, "Mwanangu, huyo binti anamcheza nani? Maana Eliza wetu namsubiri, simwoni."

Mbele ya kaburi lako, Mama! Mchungaji akaangalia viatu vyake. Mimi nikasema eti naenda kuangalia chakula, nikaenda kusimama nyuma ya jiko, masikio yananiwaka kwa aibu. Watu walifunga safari waje wakuone mara ya mwisho, mimi nikawaonyesha mwanamke mwingine.

Jumatatu mazoezini nilitaka tupite juu juu, tuanze hadithi mpya. Neema hakuniacha. Akaniuliza mbele ya wenzake, kwa adabu zote, "Samahani, Mwalimu. Ulikuwa unauonea aibu mguu wake?"

Nilitafuta uongo wenye heshima, nikaukosa. Nikasema ndiyo. Nikasema tangu nikiwa mdogo, tukienda kanisani nilikuwa natangulia, ili watu wasituone pamoja. Sijui kwa nini niliwaambia hilo. Wewe sikuwahi kukuambia, ingawa nadhani ulijua, maana hukuniita hata siku moja nikusubiri.

Hakuna aliyecheka. Neema akasema, "Basi tuonyeshe wewe, Mwalimu. Sisi tutakufuata." Baraka akashika ngoma. Nikasimama, nikashusha bega, nikaanza kuchechemea. Sikufika mbali, ngoma ikanyamaza. Nikageuka, nikakuta watoto wanatazamana.

"Siyo huo, Mwalimu," Neema akasema taratibu. "Ni wa kushoto."

Mama. Mimi niliyekula kwako maisha yangu yote. Watoto wa watu wanajua mguu wako, mimi sijui. Nilikaa chini palepale sakafuni, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia, na wao wakaniacha nilie.

Nimempigia simu Mama Tumaini kumwomba atupokee tena Lupembe tukishavuna mahindi. Amenijibu, "Njooni. Lakini safari hii mje naye." Tutakuja nawe. Nitakucheza mimi mwenyewe, mbele ya mchungaji na majirani wote. Neema ananifundisha kila jioni, na ni mkali kweli. Nikikosea ananirudisha mlangoni nianze upya. Goti linaniuma. Sikujua kwamba kutembea vile kunauma, na wewe ulicheza nalo mpaka uzeeni.

Nisamehe, Mama. Pumzika. Sitakunyoosha tena.

Mwanao,
Festo