Mahari Kwenye Redio

Jumapili jioni

Huyu mtangazaji wa kipindi cha salamu leo amenimaliza kabisa.

Nilikuwa nimetuma kadi kuomba ule wimbo wa gitaa ninaoupenda, uchezwe kwa ajili ya Wambui. Mwisho nikataka kumkumbusha mahali petu pa kukutana, karibu na stesheni. Lakini mkono wangu huandika vile mdomo unavyosema, na mdomo wangu haujawahi kupatana na herufi l.

Saa kumi hoteli ya baba yake Wambui ilikuwa imejaa watu na chai zao, redio iko juu ya kabati. Mtangazaji akasoma polepole: "Kamau wa Nakuru anamwambia Wambui asisahau mahari."

Mzee akaweka birika chini. "Kamau, hata sisi hatujasahau. Mbuzi unaleta lini?"

Watu wakacheka mpaka wimbo ukaisha. Nimeungoja mwezi mzima, na sikusikia hata uzi mmoja.

Mbuzi sina. Nina koti na baiskeli isiyo na breki.

Nikasema nitaandikia redio wasahihishe. Wambui akanifuata mlangoni, akaninong'oneza, "Wacha hivyo hivyo. Hiyo herufi uliandika vizuri."