Gari Lililovuka Kizingiti

Bibi yangu, mke mwenza uliyenitangulia,

Nimeombwa nikae mlangoni. Binti wa mdogo wangu amevunja ungo, Ijumaa anawekwa ndani, na wanawake wa hapa Mtunda wamenichagua niwe mlinzi wake kama wewe ulivyokuwa wangu. Kwa mdomo nimekubali. Tumbo bado halijakubali. Tangu juzi kila nikifumba macho nauona ua wako, lile lori limekwama mchangani, na wewe umeinamia kinu, pumzi haitoki.

Unakumbuka lilivyoingia nyumbani? Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu kawa mfanyabiashara, hata mwanao, Mjomba Saidi, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuuza hata yai. Alikuwa akinunua kamba kule Salale, anawapeleka Dar es Salaam kwenye barafu, na kurudi na chochote Kariakoo ilichomtupia. Safari ile alirudi na mfuko wa rambo umejaa vitofali vya plastiki, vyekundu na vya njano, vile vya kuchezea vinavyobanana kimoja juu ya kingine. Ndani yake mlikuwa pia na gari la rimoti lililokanyagwa bodi ikapasuka, ila mota yake nzima na antena yake nzima.

"Mpe mwali, asije akaota kutu," alikwambia.

"Mwali anafundwa, hachezi," ulimjibu, na uso umeukunja.

Lakini mfuko uliupitisha.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimeingizwa ndani, na jina langu limetoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Wewe ndiwe uliyewakabili makungwi. Mwali atakaa ndani kwa adabu zote, ulisema, atatolewa kabla shule haijafunguliwa, kisha aachwe aende. Wakakubali kwa sharti moja: akivuka kizingiti kabla ya siku yake, anaanza upya. Na kuanza upya ndiyo shule imekwenda na maji. Ndiyo maana ulitandika mkeka wako mbele ya mlango wangu ukalala hapo kama kufuli.

Basi nikajenga lori. Nililijenga kwa kuyakumbuka yale malori ya kusini yaliyokuwa yakikwama njiani masika, tunakwenda kuyatazama kama sinema. Shida ilikuwa mota. Haikutoshea popote, nikaifunga kwa ukindu wa mkeka niliotakiwa kusuka. Ukawa unauliza ni panya gani anayekula ukindu humu ndani, mkeka mbona haurefuki. Nami najua ulijua, kwa sababu betri zikichoka ulikuwa unazianika juani bila kuuliza ni za nini.

Siku ile watu wote walikuwa mashambani. Ulikuwa unapepeta mchele uani kando ya kinu, vumbi la pumba likakuingia, na pumu ikakukamata. Nilikuona kwenye upenyo wa pazia: mabega yanapanda na kushuka, kifua kinapiga mluzi. Chupa ya vidonge ilikuwa kwangu, kwenye kishubaka. Nikashika pazia nitoke. Ukainua kiganja: usije. Pumzi ya kusema hukuwa nayo, ya kunikataza ulikuwa nayo.

Nikapakia chupa na kikombe cha maji juu ya lori, nikalishusha nje ya kizingiti, nikabonyeza rimoti. Likaenda vizuri mpaka kwenye mchanga mkavu. Hapo magurudumu yakazunguka bure, likajichimbia, likalala ubavu na maji yakamwagika. Wewe ukapiga magoti.

Nikavuka. Chupa niliiokota njiani, maji nikachota mtungini, na nilikuwa nimekwisha kukutia vidonge mdomoni kabla sijagundua kwamba jua linanipiga kichwani. Nilikushika mgongo nikasoma kila dua niliyoijua, na nyingine nilizichanganya. Pumzi iliporudi, neno lako la kwanza halikuwa ahsante.

"Rudi ndani."

Nikarudi. Nilipochungulia, ulikuwa unaukokota ungo na kumwaga pumba juu ya nyayo zangu.

Jirani yetu Bi Tatu akaingia anatweta, alikusikia ukikohoa tangu barabarani. Akaiona chupa mapajani mwako.

"Shoga, dawa kakuletea nani?"

Ukanyoosha kidole. "Gari."

"Gari lipi tena?"

"Si hilo hapo. La mwali. Linakwenda lenyewe."

Wewe, Bibi! Wewe ambaye hukuwahi kunidanganya hata kwamba sindano haiumi. Mpaka leo sijui kwa nini hakuna aliyeuliza kilichonizuia nisiirushe tu ile chupa. Labda kwa sababu maji hayarushwi. Labda kwa sababu gari linalokwenda lenyewe ni neno tamu zaidi.

Kabla ya magharibi makungwi walikuwa na habari. Bi Zuhura, mkubwa wao, akaleta salamu: kesho baada ya adhuhuri tunakuja. Gari litoke mlangoni mbele yetu, likufikie pale kinuni, na dawa na maji juu yake. Lisipofika, mwali katoka.

Nilikukasirikia, nakwambia ukweli. Uongo uliusema kwa neno moja, mzigo wake ukanitwisha mimi na plastiki. Ungesema kweli wangenihurumia, niliwaza. Wewe uliwajua vizuri zaidi.

Asubuhi nzima nilibomoa na kujenga. Kichwa cha lori niliking'oa chote, kilikuwa urembo mtupu, na vitofali vyake nikavirundika juu ya magurudumu ya nyuma yanayosukuma, kama nilivyowaona mautingo wakipandisha mawe lori likikwama. Magurudumu nikayavisha vipande vya mpira wa baiskeli. Kikombe nikakijengea kizimba. Nikalijaribu sakafuni, likajikokota hatua moja likasimama. Betri zilikuwa zimekufa, na hakukuwa na muda wa kuzianika.

Nilianza kulia. Wewe ukaenda ukaifungua redio yako, ile isiyozimwa mpaka matangazo ya vifo yaishe, ukaniwekea betri zake mkononi.

"Leo wafe kimyakimya," ukasema.

Kisha ukatoka na ndoo na kata, ukanyunyiza maji uani, kama nyumba yoyote inavyotuliza vumbi wageni wakija. Mimi nilikuwa na magurudumu kichwani, sikuelewa kitu.

Wakaja, wakakaa mikekani. Nikalishusha lori, nikaiingiza antena kwenye upenyo wa pazia, nikabonyeza. Mota ikalia na minong'ono ikakatika. Likafika pale pale lilipokwama jana yake, na magurudumu yakaanza kuzunguka bure.

"Eeh, hapo hapo!" Bi Tatu akasema.

Kidole kilikuwa kinateleza kwa jasho. Nikalirudisha nyuma. Rimoti ile ya bei rahisi ilijua kukata kona kwa kinyumenyume tu, basi lori likageuka pembe, mtu akacheka. Nikaiona shule imekwenda. Ndipo nilipokutazama. Hukuwa unalitazama lori, ulikuwa unatazama chini upande wa kivulini, ambako mchanga ulikuwa mweusi kwa maji. Nikalielekeza huko. Mipira ikauma mchanga. Likaenda polepole, maji yanatikisika, mpaka likakugonga mguu.

Bi Zuhura alikichukua kikombe akanywa maji yaliyobaki. Akautazama mchanga, akakutazama wewe.

"Uani kwako leo pamenyunyizwa vizuri."

"Wageni wana haki zao," ukamjibu.

Wakatazamana.

"Gari limefika," akasema. "Mwali hajatoka." Na kigelegele cha kwanza alikipiga yeye.

Nikatolewa, nikaenda shule ya bweni. Lori nikakuachia. Rimoti niliitia sandukuni nikaondoka nayo, watoto wasije wakaichezea. Nilikuwa kidato cha pili, katikati ya muhula, pumu ilipokurudia. Bi Tatu ndiye aliyekukuta uani. Alipokuuliza dawa iko wapi, ukanyoosha kidole mlangoni. Lori lilikuwa pale nyuma ya pazia, limetazama nje, chupa imewekwa juu yake, kikombe kizimbani, betri mpya tumboni. Alikuletea kwa mikono yake akikimbia, lakini kifua kilikuwa kimeshafunga.

Sijui kama lile lori uliliweka pale kwa utani au ulikuwa unanisubiri. Hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe. Shule uliyonipatia kwa uongo wako ndiyo iliyonitoa mlangoni, na rimoti nilikuwa nayo mimi. Nina hasira nawe Bibi, na nakupenda, na sitaki kuambiwa nichague.

Ijumaa nitatandika mkeka. Nitamfundisha mwali yote uliyonifundisha, kuketi, kunyamaza, kusuka, hata kuiba ukindu akitaka. Lakini kabla ya hayo yote nitamshika mkono nimwambie: ukiniona nimeanguka, vuka. Hata nikikuinulia kiganja, vuka. Makungwi niachie mimi, maji ya kunyunyiza uani yapo.

Mola akupe pumzi nyepesi huko uliko.

Mimi mke mwenzio,
mjukuu uliyemlinda mlangoni