Ugali wa Sahani Moja

Mjukuu wangu Neema,

Huku Vwawa tunaendelea. Bibi yako anaanika kahawa, goti likimsumbua kama kawaida. Barua yako kutoka huko ugenini imefika. Unasema tumbo linauma, usingizi huna, chakula hakishuki, na daktari haoni ugonjwa. Unaniuliza ufanyeje.

Sijui, mjukuu wangu. Hata mimi yalinikuta mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, enzi za Mwingereza. Nyumbani tulikula sahani moja, na mdogo hagusi ugali kabla mkubwa hajamega. Chuoni kila mtu alikuwa na sahani yake. Nikawa nakaa nasubiri, nisijue namsubiri nani, mpaka kengele inalia ugali umepoa. Nikakonda. Wakadhani malaria, wakaninywesha kwinini.

Siku moja mwenzangu mmoja wa kabila la Wandali, mkubwa kwangu kidogo, akahamishia ugali wake kwenye sahani yangu. Akamega, akasema, "Kula basi, mdogo wangu." Nikala. Usiku ule nikalala.

Mpaka leo sielewi kilichoniponya. Ugali ulikuwa uleule.

Nimeirudia barua yako nikitafuta jambo moja, sikuliona. Unakula na nani?

Ni mimi babu yako, ninayesubiri jibu.